Kanda Nilizozifukiza Udi

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: udi na waya ulioungua. Kompyuta ya ofisi ya wakfu pale Kuze ilikufa mbele yangu. Mimi sikusoma sana. Kazi yangu kila Alhamisi ilikuwa kutia kanda kwenye mashine yake, kungoja taa ya kijani, kisha kuifungia kabatini. Nakala ya kila kitu imo mle, nikaambiwa. Akiba haiozi.

Aliyeniambia ni katibu, Mahfudh, na jina lake silifichi. Daftari kongwe la wakfu, lililoandikwa nani aliwaachia kina nani nyumba, alilichoma uani mara lilipokwisha kutiwa kompyutani. "Karatasi ni chakula cha mchwa, Saidi!" Fundi wake wa kompyuta, Twalibu wa Makadara, akacheka naye.

Nami nina langu, nisijitie usafi. Kila Ijumaa nikifukiza ofisi, nilikiweka chetezo ndani ya kabati, ati kanda nazo zipate baraka. Baraka! Moshi ukagandia utepe, chumvi ya bahari ikamalizia.

Basi wakaja watu kuidai nyumba ya mamangu, aliyoachiwa kwa wakfu. Ushahidi wetu ulikuwa daftarini tu. Twalibu akaleta kompyuta nyengine, akatia kanda ya kwanza: yakwaruza, haisomeki. Ya pili ina ukungu. Ya tatu tupu, haikuwahi kuandikwa kitu! Ile taa ya kijani ilikuwa uongo mtupu.

"Kanda zako zimeoza," akanambia, kama kwamba nimezizaa mimi.

Jirani yetu Bi Zuhura, mshona kofia, akaniuliza mbele ya watu: "We Saidi, mimi leso zangu za harusi nazikunjua kila mwaka, nizitie jua, nitazame nondo. Wewe hizo ulizisoma hata siku moja?"

"La, mama."

"Basi hukuweka akiba. Ulizika."

Bila ushahidi nyumba ikatupotea, mamangu akaitoka na birika lake mkononi. Alifia Ganjoni, chumba cha kupanga. Mahfudh hadi leo yuko safu ya mbele msikitini.

Mwanangu, kanda si mbaya. Ubaya ni kuiamini bila kuijaribu. Irejeshe kompyutani mara kwa mara, uyasome yaliyomo kwa macho yako. Nakala ya pili iweke nyumba nyengine, mbali na moshi na unyevu. Na mwenye kiberiti akilisogelea daftari, mshike mkono, hata akiwa katibu.

Mola akuhifadhie chako kuliko nilivyohifadhi changu, na akuepushe na kina Mahfudh. Amin.