Kibao cha Pango la Tryphena

Mwaka wa sabini na nne, kamati ya historia ilipanda kutoka Voi hadi Mbololo kwa Tryphena Wakesho, mkulima wa maharagwe mwenye mdomo mkali. Walitaka awaonyeshe pango lenye mafuvu ya wazee wa ukoo wake, wabandike kibao cha shaba. Tryphena alikuwa mlokole, mwimbaji wa kwaya, lakini pango lile hata mchungaji wake hakuonyeshwa. Sembuse hawa wavaa tai?

Akawapeleka kwenye pango jingine, pale mbuzi wake walipozoea kujikinga mvua. Wakavua kofia. Mwenyekiti akapiga magoti juu ya mavi ya mbuzi, machozi yakamtoka. Kibao kikasema: “Hapa wamelala mashujaa wetu.”

Tangu hapo, kila mwaka waliletwa wageni, hotuba na shada la maua. Mbuzi walilimaliza shada kabla magari hayajafika lami.

Mwanawe Hudson, mwalimu aliyechunga hapo utotoni, siku moja alishindwa kuvumilia.

“Mama, huoni haya kuwadanganya watu wazima?”

Tryphena aliendelea kupepeta maharagwe.

“Niambie wewe uliyesoma. Miaka kumi hii, kuna hotuba hata moja iliyowasumbua babu zako?”