Salongo kwa Ajili ya Korongo

Miaka ile ya vita wageni wenye kamera walikuja Bunia kupiga picha za maiti. Mmoja alipochoka na maiti, akaomba ndege wa kupiga picha. Mimi, msomi wa chuo kikuu ambaye vita vilimgeuza mkalimani na mbeba mikoba, nikampeleka kwa mama mdogo wangu.

Mama mdogo alikuwa amekimbia kutoka Fataki, akapewa kipande cha kulima maharage kando ya kinamasi, penye chemchemi. Waliomlinda ni korongo wawili wenye taji waliotaga ndani ya matete. Desturi ya wenye ardhi ilikuwa wazi: korongo akiatamia, hakuna kukata matete wala kuchimba udongo. Wafyatua matofali walikaa ng'ambo wakiwatazama ndege wale kama warithi wanaomtazama mgonjwa.

Mpiga picha alinung'unika kwamba matete yanaficha kiota, akasema atarudi kesho. Nilitafsiri manung'uniko yake mbele ya majirani kwa ufasaha mkubwa.

Kwetu mgeni hapokelewi penye majani marefu. Shefu wa avenu, mkuu wa mtaa, akaita salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, watu wote wakatoka kufyeka na kufagia kana kwamba gavana anakuja. Mama mdogo alisimama mbele yao ndani ya tope.

"Mutafukuza ndege. Siye tutakula nini?"

"Hii si kukata, mama," shefu akamjibu. "Ni kusafisha tu. Picha itaenda Ulaya, watalii watakuja, utawauzia maharage."

"Watalii? Hapa weye mwenyewe unalala na viatu, tayari kukimbia."

Watu wakacheka, na mapanga yakaendelea.

Kesho yake kiota kilikuwa peupe kama sahani mezani. Korongo alitanua mabawa juu ya mayai, mgeni akapiga picha, akafurahi kwamba ndege anacheza ngoma. Kumbe ndege alikuwa anafukuza mwewe. Mgeni alipoondoka mayai yalikuwa yameliwa, na korongo hawakurudi tena.

Bila ndege hapakuwa na mwiko. Wafyatua matofali waliingia, chemchemi ikawa shimo la udongo, na mama mdogo akaishia kambini, chini ya hema.

Baadaye nilipata gazeti la kigeni lenye picha ile. Maandishi yake yalisifu pori ambalo vita havikuligusa. Nikampelekea mama mdogo. Hakumtazama korongo, aliweka kidole pembeni, kwenye kijani kidogo.

"Maharage yangu," akasema. "Yalikuwa yanaanza kutoa maua."

Kisha akaikunja karatasi, akaziba nayo tundu la hema.