Baba Alipotwanga Sombe

Sisi tuliokulia Kumsenga kabla ya umeme kufika tulizikuta kazi za wavulana na kazi za wasichana kama tulivyoikuta milima. Hakuna aliyetufundisha darasani. Wavulana walichunga mbuzi na kutengeneza magari ya mabua, magurudumu yake vipande vya kandambili zilizokatika. Wasichana tuliteka maji, tukamenya mihogo, tukabeba mgongoni magunzi ya mahindi tuliyoyafunga vitambaa na kuyaita watoto. Jioni tulicheza kombolela wote pamoja, lakini Mama akiita kutoka jikoni, waliokimbia nyumbani walikuwa wasichana. Wavulana waliendelea kujificha. Na mvulana aliyesogelea mafiga kuota moto tu alifukuzwa kwa maneno mawili, "Utaota matiti." Alitoka nje akijipapasa kifua, na sisi tukacheka mpaka tukaunguza maharage.

Nayakumbuka haya kwa sababu nimechoka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kelele, lakini kelele za Desemba iliyopita nyumbani kwangu Kasulu zilinishinda. Watoto wangu wawili walikuja likizo. Devota anasoma chuo Dodoma. Kaka yake, Jofrey, ana kibanda cha vifaa vya simu Kibondo mjini. Tangu waliposhusha mabegi yao mjadala ulikuwa mmoja, wanaume na wanawake, na wenyewe hata majina hayo hawayamalizi. Wanasema "me" na "ke", kama wanahesabu mbuzi. Huyu anasoma kwenye simu yake kwamba wanaume wote ni mbwa. Yule anasoma kwenye yake kwamba mwenye akili siku hizi ni "kataa ndoa". Mvua inanyesha, nguo ziko kwenye kamba, na hakuna "me" wala "ke" anayenyanyuka kuzianua. Nilizianua mimi.

Siku ya tatu dada yangu Editha alikuja kutusalimia kutoka Muyama, alikoolewa. Aliketi mkekani akichambua maharage, nami nikamenya ndizi. Vijana walikuwa kwenye makochi.

"Mmeharibika tu," Jofrey akamwambia dada yake. "Enzi za Babu mwanamke alijua nafasi yake, na nyumba zilikuwa na amani."

"Enzi za Babu mwanamke alikuwa punda," Devota akajibu. "Wanaume ni walewale. Wanachobadilisha ni mashati."

Kisha wote wawili wakanigeukia. "Mama, si Babu alikuwa hivyo?"

Nikawauliza, Babu yupi. Maana yule wa Jofrey sikumjua, na yule wa Devota sikumjua vilevile. Ndipo nikawasimulia, na nitawasimulia na ninyi wa rika langu, mliokula muhogo wa kuchoma mkienda shule peku na mnaokumbuka mambo yalivyokuwa.

Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa akishuka kutoka shambani na mzigo wa mihogo kichwani, njia imelowa, akateleza, akaanguka na kuvunjika mguu juu ya goti. Wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Aliporudi mguu mzima ulikuwa ndani ya plasta, nzito kama gogo, na amri ya daktari ilikuwa kulala. Nyumbani tulikuwa Baba, mimi, na wadogo zangu wawili ambao hata kunawa uso walikuwa wakinawishwa.

Shangazi Yustina, dada yake Baba, alifika keshoye. Alimpa Mama pole, akanywa uji, akatoa hukumu. "Leonia aache shule, ashike nyumba. Msichana kajua kusoma jina lake, inatosha."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe chake mkononi. Niliyajua maneno hayo, kwa sababu nilikuwa nimeyasikia yakisemwa kwa Editha. Miaka michache nyuma Mama alijifungua kwa shida, akadhoofika, na Shangazi huyuhuyu, kwenye kigoda kilekile, alisema Editha aache shule kidogo tu mpaka mama yake apate nguvu. Baba alikubali. Editha alikuwa darasa la sita, ana mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake. Mama alipata nguvu, lakini Editha hakurudi shule. Alikuja mposaji kutoka Muyama, mtu wa heshima zake, na Editha akaenda.

Baba alikuwa akinoa panga. Hakuinua uso. "Kwa Editha nilikusikiliza," alisema. "Kwa huyu sikusikilizi."

"Sasa nani atapika?"

"Tutaona."

Shangazi alidhani ni mzaha. Nami nilidhani hivyohivyo, mpaka nilipotoka shule siku ya pili nikasikia kinu kinalia uani kwetu. Mlio wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mwanamke akitwanga sombe, yaani kisamvu, unasikia mwendo mmoja, kama mtu anayetembea. Huu ulikuwa wa mtu anayechimba choo. Baba alikuwa amevua shati, ameushika mchi kama anavyoshika jembe, majani ya muhogo yakiruka nje ya kinu na kuku wakiyakimbilia. Watoto wa jirani walikuwa wamepanga mstari kwenye ua wa minyaa wakitazama kama wanavyotazama gari lililokwama.

Hakujua kupika, nisiwadanganye. Sombe yake ilikuwa na vijiti. Mawese aliyamimina kama anapaka milango rangi. Ugali wake ulikuwa na madonge, ukiuma donge unakuta unga mkavu ndani. Lakini tulikula kila siku, Mama alilishwa, wadogo zangu waliogeshwa, nami nilikwenda shule. Kufua alifulia nyuma ya nyumba. Maji aliyabeba kwa baiskeli, madumu mawili huku na huku, na hilo watu walimsamehe, kwa kuwa baiskeli ilihesabiwa kuwa ya kiume. Ndoo ileile kichwani ingekuwa kashfa. Kinu ndicho hakikusameheka.

Walioanza kucheka walikuwa wanawake kisimani. Devota hapa alitaka kunikatiza, nikamwambia asubiri. Walikuwa wanawake, mwanangu, na wengine walikuwa wakipigwa na waume zao. Walisema Mama amemlisha Baba dawa. Jirani yetu mmoja, aliyetoka Burundi zamani, ndiye aliyeleta neno lililoenea kijiji kizima, inganzwa, yaani mwanamume aliyetawaliwa na mkewe. Watoto waliniimbia neno hilo njia nzima mpaka shuleni. Kilabuni, Baba alipokwenda kunywa rubisi kama wenzake, walimtilia pombe kwenye bakuli la uji, kama mwanamke aliyejifungua juzi. Baba mkubwa alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia miaka mingi baadaye, kwenye matanga ya Baba. Anasema Baba aliipokea kwa mikono miwili, akainywa mpaka ikaisha, akasema asante, akarudi nyumbani kupika.

Lakini aliyemuumiza zaidi alikuwa Mama. Mama alilia. Alimwambia kutoka kitandani, nami nasikia, "Unanivua nguo mbele za watu. Watasema mimi ni mke gani. Mwache mwana wangu akae nyumbani mpaka nipone." Sasa huyo tumweke wapi, kwenye "ke" wa Devota au kwenye "ke" wa Jofrey? Alikuwa mama yangu, alinipenda, na alikuwa radhi niache shule kuliko mumewe aonekane na mchi.

Mwisho Baba mkubwa alikuja na wazee wawili. Waliketi, wakazunguka kwa habari za mvua na mbegu, kisha wakafika. "Mdogo wangu, unatutia aibu. Kama nyumba imekushinda, oa mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

Baba alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. "Kilichovunjika ni mguu," alisema. "Ndoa haijavunjika." Akawakaribisha ugali. Hawakula. Waliyaona madonge yake.

Habari zilisafiri mpaka Muyama, na Editha akaja. Alipata lori la maharage hadi Kasulu, akapanda jingine, akamalizia kwa miguu, mtoto mgongoni. Tulimwona akitokea kwenye migomba, amevaa kitenge alichoolewa nacho. Baba alikuwa kinuni. Alimwona bintiye, uso ukamkunjuka kwa furaha, akamnyoshea mchi, kama mtu anayekabidhi zamu.

Editha hakuupokea. "Twanga tu, Baba," alisema. "Nataka nione."

Baba alisimama kidogo. Kisha akainama, akaendelea kutwanga. Editha alisimama pale pale, hakushusha mtoto, hakuketi, akamtazama mpaka majani yalipolainika. Baba alipomaliza, jasho linamchuruzika, aliingia jikoni bila kututazama. Editha ndipo akaenda kwa Mama, akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka kichwa kwenye blanketi.

"Mama," alisema, "kumbe aliweza."

Hayo tu. Mama alimpapasa kichwa. Wala hakumwambia nyamaza.

Jioni hiyo Baba alimpakulia Editha mwenyewe, sahani ya kwanza, kabla ya yake. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla, wala baada. Editha alikula.

Mama alipona baada ya mavuno. Siku aliyotembea bila fimbo, Baba aliweka mchi pembeni, akaketi kwenye kiti chake, akaagiza maji ya kuoga. Hakukigusa kinu tena mpaka alipokufa. Nilimaliza la saba, nikaenda sekondari, nikawa mwalimu. Shangazi Yustina alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akiwaambia abiria kwamba huyu ni mtoto wa kaka yake.

Nilipofika hapo nilidhani wanangu watakaa kimya japo kidogo. Sisi, mtu akitusimulia ya zamani, tulikaa kimya, hata kama hatukuelewa. Wao hata ndizi sikuwa nimemaliza kumenya.

"Kwa hiyo Babu alikuwa anajitambua," Devota akasema. "Alipinga mfumo dume."

"Aliupinga wapi, na alirudi kwenye kiti?" Jofrey akamrukia. "Ilikuwa dharura. Mke alipopona, mambo yakarudi yalivyopaswa."

Na simu zikatoka mifukoni. Devota alitaka kuiandika hadithi yangu ili awaonyeshe wenzake. Jofrey naye akataka kuiandika ili awaonyeshe wa kwake. Baba yangu, aliyenywea rubisi kwenye bakuli ili mimi nisome, alikuwa anakwenda kugawanywa mapande mawili kama mbuzi wa sikukuu.

Editha aliweka ungo chini.

"Devota," alisema, "baba yangu alinitoa shule. Nilikuwa naipenda shule. Umesikia? Na wewe Jofrey, baba yangu alitwanga sombe mbele za watu waliomcheka, na haikumpunguza kitu. Nilipokwenda kumzika nilitafuta kaburi la yule aliyenitoa shule, nikatafuta na la yule aliyetwanga. Kaburi lilikuwa moja."

Akachukua ungo wake, akaendelea kuchambua.

Enzi zetu tulikuwa na wanaume wachache tu: Baba, baba mkubwa, jirani, mwalimu mkuu. Kila mmoja tulimjua kwa jina, kwa hatua zake akiingia uani, kwa mema yake na kwa mabaya aliyotutendea, na ilitubidi kuishi naye hivyo hivyo, hasira zetu na upendo wetu zikikaa nyumba moja. Haikuwa rahisi, na dada yangu ndiye aliyelipa zaidi. Siwezi kusema ilikuwa bora. Wanangu wanao wanaume wote na wanawake wote wa dunia ndani ya simu, wanazijua tabia zao zote, na hawajawahi kukaa na hata mmoja wao mpaka sombe ikaiva. Nawaonea wivu kwa shule walizosoma. Kwa hilo jingine nawahurumia.

Mvua ilikatika saa kumi. Jofrey alitoka kwenda kutazama mpira, Devota akaingia chumbani kuchaji simu. Mimi na dada yangu tulibaki tukisubiri maharage yachemke, tukakumbushana jinsi Baba alivyokuwa akitukana kinu kwa Kiha, taratibu, ili Mama asisikie.