Mlango wa Mbele wa Jirani

Watu huona wivu wa gari au wa watoto waliosoma. Mimi, nikiwa nimekaribia miaka sabini, niliona wivu wa mlango.

Nyumba yangu ni ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, hapa hapa Kariakoo. Aliijenga baba. Maghorofa yameizunguka pande tatu, kiasi kwamba jua la asubuhi tunalisikia tu kwa majirani. Mbele yake kulikuwa na baraza la saruji, refu, la kukaa watu wanane bila kubanana, na kila siku baada ya alasiri wenzangu walikuja kukaa. Mmoja alikuwa fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho. Mwingine alifanya kazi bandarini hadi mgongo ulipokataa. Wengine walikuja na kuondoka. Muuza kahawa alitua birika lake pale, kashata zikazunguka, na tukaitawala nchi mpaka adhana ya magharibi.

Kwa kuwa watu walikuja, sikuona haja ya kuitengeneza ile nyumba. Rangi ilibanduka kama ngozi ya mtu aliyetoka surua. Mlango ulikuwa na bati chini, pale mchwa walipokula. Mke wangu alisema kila mwaka kabla ya Idi, "Baba watoto, hata chokaa tu." Nami nilimjibu kila mwaka kwamba nyumba ni watu.

Jirani yangu wa ubavuni ni mfanyabiashara wa vitambaa. Babu yake alitoka Arabuni, yeye mwenyewe kazaliwa nyumba ile ile anayokaa, na mtaa mzima tunamwita Ami, wakubwa kwa wadogo. Ana miaka kumi pungufu ya yangu. Nyumba yake ilikuwa mbovu kama yangu, na kwa sababu hiyo tulipendana sana.

Kisha akaamua kutengeneza mbele. Alivunja baraza lake bovu lote. Akakwangua ukuta, akapiga lipu upya, akapaka rangi ya maziwa. Akaleta mlango wa mninga uliochongwa maua na kutiwa njumu za shaba, na chini yake akamwaga ngazi tatu pana za tarazo, zenye punje nyeusi na nyekundu. Kulia akaweka chungu cha asumini, kushoto chungu cha mrehani. Juu akatundika taa ya kioo.

Nilizitazama kazi zile kila siku nikiwa nimekaa kwangu, na kila siku nilisema "mashaallah" kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Mlango ulipokwisha, mtaa ulibadilika. Wapita njia wanaotoka sokoni kwenda Mnazi Mmoja walisimama na mizigo yao kichwani kuutazama. Bibi harusi mmoja, hata si wa mtaa wetu, aliletwa kupigwa picha mbele yake. Lakini kilichoniuma ni kingine. Wenzangu waliendelea kuja barazani kwangu kama zamani, ila sasa walikaa upande upande, shingo zimegeukia kwake.

"Angalia zile njumu," alisema fundi cherehani, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa namsomea majina ya dawa zake.

"Wewe unaziona?" nikamuuliza.

"Naona zinang'aa. Zinatosha."

"Mwenzako kajenga," mstaafu wa bandarini aliniambia. "Wewe tunakaa kwako kama watu wanaosubiri kivuko."

Wakacheka. Nami nikacheka. Kahawa ilikuwa chungu siku ile.

Nikaanza kuiga. Nilinunua rangi ya bluu nikapaka ukuta mwenyewe, bila kukwangua ile ya zamani, na wiki haikuisha ikaanza kutoa malengelenge. Nikaenda Mchikichini alfajiri, wanapofungua marobota ya mitumba, nikachagua zulia dogo la mlangoni, zito, la manyoya ya kahawia. Lilikuwa limekunjwa na mimi nilikuwa na haraka ya kumshinda mtu. Baada ya alasiri nililitandika mbele ya mlango bila hata kulitazama vizuri, nikaenda kuoga.

Niliporudi, wenzangu walikuwa wamesimama wamelizunguka. Hakuna aliyekaa.

"Bwana," mstaafu wa bandarini aliuliza, "huyu ni nani?"

Nikatazama. Katikati ya zulia kulikuwa na kichwa cha mbwa, kikubwa, ulimi nje, kinatutazama.

"Ni simba," nikasema.

"Kama ni simba ndiyo mbaya zaidi. Umesahau uko mtaa gani? Hapa watu wote ni wa timu ya Jangwani, watani wa Simba."

"Si simba huyo, ana masikio ya kuning'inia," fundi cherehani alisema, ameinama mpaka pua inakaribia kugusa. "Ni mbwa. Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, sisi wenye udhu wetu tutakaaje?"

Ami alikuwa amesimama kwenye ngazi zake. Hakucheka. Alisema tu, "Jirani, kama unataka, fundi wangu bado yupo. Aje akuangalizie ukuta." Alisema kwa upole, na upole ule niliuchukia kuliko vicheko vya wale wawili. Nilimjibu kwamba mimi nina mafundi wangu.

Sasa niseme nililofanya.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na maisha yangu yote ya kazi nilikuwa karani wa ghala. Mwandiko wangu ulisifiwa. Wakati binti mkubwa wa Ami alipoolewa, ni mimi niliyeandika majina kwenye bahasha zote za mwaliko, siku mbili, kwa wino mweusi, na Ami alizionyesha kwa wageni kabla hata ya kuonyesha nguo za bibi harusi. Mkono huo huo niliutumia. Nilichukua karatasi nikaandika kwa ofisi inayohusika na ujenzi: sisi wakazi wenye uchungu na mtaa wetu tunasikitishwa na ngazi zilizojengwa hivi karibuni, zenye kuingia kwenye hifadhi ya barabara na kuwasumbua waenda kwa miguu. Sikuweka jina. Niliisoma mara tatu kwa kuridhika. Ilikuwa barua safi, haina kosa hata la mkato.

Nilitaka nini? Nilitaka ngazi zile zivunjwe. Nilitaka shingo za wenzangu zirudi mahali pake. Sina maelezo mengine mazuri zaidi ya hayo, na nimeyatafuta.

Baada ya wiki kadhaa akaja binti mmoja mpimaji, na mwenzake mwenye futi kamba na kopo la rangi. Ilikuwa baada ya alasiri, baraza limejaa.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanetu. Karibu kahawa."

"Ahsante, baba, nipo kazini. Tunaangalia hizi ngazi."

Moyo wangu ulidunda kama wa mtoto anayesubiri sikukuu. Ami akatoka na bahasha, akampa karatasi. Binti akasoma, wakavuta kamba kutoka kwenye jiwe la mpaka, wakapima, akapima tena.

"Ziko sawa," alisema. "Huyu mzee alikuja kuomba aonyeshwe mpaka kabla ya kujenga. Ndiyo maana amevunja baraza lake. Ngazi zimeishia ndani ya mstari."

Kamba ilikuwa bado imenyooka chini. Binti akaifuata kwa macho, kutoka kwenye ngazi za Ami kuja upande wetu, mpaka ikapita katikati ya miguu ya fundi cherehani.

"Na hili baraza ni la nani?"

Wote walinitazama mimi.

"La baba yangu," nikasema.

"Baba yako yupo?"

"Marehemu."

"Samahani, baba. Limetoka nje futi tatu." Alikuwa na adabu yule binti, alisubiri wenzangu wasimame kwanza. Kisha mwenzake akachovya brashi akachora X nyekundu ubavuni mwa baraza, kubwa, na rangi ikachuruzika mpaka chini. Tulipewa mwezi mmoja wa kulivunja.

Mke wangu alitoka na upawa mkononi. Akaitazama X, akanitazama mimi. "Nani kawaita hawa?"

"Mimi nitajuaje?" nikamjibu.

Ami ndiye aliyekuja asubuhi yake, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. "Twende wote tukawaombe," alisema. "Baraza la mzee lina umri mkubwa kuliko sisi. Labda watatuachia, au watatupunguzia." Nilikataa. Akadhani nimekata tamaa, akanishika mkono. Mtu akikushika mkono kwa nia nzuri, na wewe una siri kama yangu, hujui jinsi ya kuuchomoa. Nikaenda.

Ofisini tulimkuta binti yule yule mezani. Ami alizungumza kama wakili. Alieleza misiba iliyokaliwa pale, ndoa zilizopatanishwa, wazee wasio na pengine pa kwenda. Alisema yuko tayari kuandika kwamba yeye, jirani, halimsumbui.

"Nawaelewa, baba zangu," binti alisema. "Sisi wenyewe hatukuja kulitafuta. Malalamiko yalitoka huko huko kwa wananchi." Akafungua faili, akaligeuza kidogo kutafuta tarehe.

Barua yangu ilikuwa juu, inatazama upande wetu.

Ami alivaa miwani. Nilimwona anasoma mstari wa kwanza, na wa pili. Kidole chake kilikwenda kwenye herufi M, ile yenye mkia niliyojifunza kwa mwalimu wangu wa darasa la tano, ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Kidole kikatulia pale. Feni ilizunguka.

Akavua miwani. "Hata hivyo, mwanangu," alimwambia binti, kwa sauti ile ile ya mwanzo, "tunaomba mumfikirie mzee mwenzangu huyu." Akaendelea kuniombea kwa dakika kumi nyingine. Binti alisikitika lakini hakuweza kuhamisha mstari.

Tulirudi kwa miguu. Alinunua machungwa kwenye mkokoteni, akanipa moja. Tulipofika mtaani kwetu ndipo aliposema, bila kunitazama, "Mkono wako bado mzuri." Akaingia kwake, na ule mlango wa mninga ukafungwa polepole, kwa uzito wake wenyewe.

Baraza nililivunja mwenyewe na vibarua wawili kabla mwezi haujaisha, ili lisivunjwe na tingatinga mbele za watu. Ndani ya saruji tulikuta magamba ya chaza na nazi iliyokauka kuwa jiwe, mambo ya mafundi wa zamani. Mke wangu hakutoka nje siku ile. Wenzangu walikuja saa yao ya kawaida, wakasimama kidogo kwenye vumbi, kisha Ami akawaita, wakaenda kukaa kwenye ngazi zake. Muuza kahawa akawafuata. Mimi nilijifanya nina shughuli ndani.

Siku zikapita nikiisikiliza mizaha yao kupitia ukuta. Nilichokuwa nacho ambacho Ami hakuwa nacho kilikuwa watu wale, na nimemkabidhi mimi mwenyewe, kwa barua isiyo na kosa la mkato.

Ijumaa moja baada ya swala nilimfuata kwenye ngazi zake kabla wengine hawajafika. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa.

"Ami, ile barua niliandika mimi."

"Najua."

"Mbona hukusema pale pale?"

"Niseme nini mbele ya mtoto wa watu? Mzee una mvi kichwa kizima." Akasogeza chungu cha asumini kidogo, jua limpate. "Mimi nilikuja kwako kabla sijaanza kujenga. Nikakuambia jirani, twende wote tukaonyeshwe mipaka. Unakumbuka ulivyonijibu?"

Nilikumbuka. Nilimwambia kwamba mimi siwezi kupimiwa nyumba ya baba yangu na watoto wa juzi. Tungekwenda wote siku ile, ningejua mapema. Pengine ningelirudisha baraza nyuma kwa heshima, likabaki hata nusu yake.

"Nimekosa," nikasema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema. Alisema haraka, kama mtu anayeitikia salamu, kisha akainuka kwenda kumwita mkewe alete maji ya kumwagilia maua. Nilibaki nimesimama na hotuba yangu yote mdomoni.

Mke wangu alikuwa ananisubiri ukumbini. Nilikuwa nimemweleza yote usiku wa kuamkia siku ile, na tangu hapo alikuwa hajaniita baba watoto.

"Kasemaje?"

"Kanisamehe."

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi."

Akakaa kwenye kiti, akajipepea kwa ncha ya khanga. "Angekuwa yeye ndiye kakuandikia wewe, ungeweza?"

Nikatazama nje, ambako Ami alikuwa anamwagilia mrehani wake, anaimba kidogo puani kama mtu asiyedaiwa na yeyote kitu chochote. Nilihisi ule wivu unapanda tena kifuani, ule ule, na safari hii haukuwa wa mlango.