Jaji wa Meza ya Mikate

Katika kiwanda cha mikate alikofanya kazi tangu usichana wake, hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Jaji. Alikuwa msimamizi wa meza ya kufungashia, na wakati mikono yake ikisukuma mikate ndani ya mifuko, mdomo wake ulikuwa kazini ukiwahukumu waigizaji.

Kulikuwa na yule dada aliyeacha kuigiza daktari ili awe mwimbaji. "Sauti yenyewe kama bawaba isiyotiwa mafuta," Jaji alisema. "Kazi ilishamkubali, yeye ndiye akaikataa." Kulikuwa na yule mzee asiyekataa filamu yoyote. "Mwezi huu jambazi, mwezi ujao kasisi, na shati ni lile lile. Anafikiri sisi hatuna macho?" Wanawake wa mezani walicheka mpaka wakafunga mifuko mitupu.

Lakini kesi isiyokwisha ilikuwa ya Mtanashati. Ndivyo walivyomwita yule kijana mrefu aliyeigiza mume aliyetoroka nyumbani, katika tamthilia iliyokuwa ikifungia watu ndani kila jioni. Wakati kila mtu anasubiri arudi kwa mkewe, Mtanashati aliacha kazi. Tamthilia ikatangaza kwamba amefariki kwenye ajali ya gari, na gari lenyewe halikuonyeshwa hata tairi. Tangu hapo alionekana kwenye matangazo tu, akiitabasamia dawa ya meno. Magazeti nayo yakaandika kwamba hufika kazini anapotaka, na akifika hufokea watu.

"Huyo amekwisha," Jaji alihukumu.

"Hajaisha, anapumzika," alijibu wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye walisimama naye bega kwa bega kwenye meza ile.

"Wifi, wewe umependa meno, hujampenda mtu."

"Na wewe una kinyongo naye kama vile alikuacha wewe!"

Wenzao wakaangua kicheko. Jaji akavuta trei nyingine. Kinyongo alikuwa nacho kweli, na sababu yake hakuwahi kumwambia mtu, hata huyo wifi.

Basi siku moja meneja akaja na habari. Filamu ingepigwa pale kiwandani siku za mapumziko, na wafanyakazi wangeonekana nyuma wakifungasha. Mwigizaji mkuu alikuwa Mtanashati, akiigiza mwokaji mikate aliyefukuzwa kazi.

Wifi akarusha kofia yake juu. Jaji akatikisa kichwa. "Kutoka mume mtanashati hadi mwokaji mwenye kitambi cha kubandika! Nani anamshauri mtu huyu?"

Siku ya kwanza ilipofika walisimama mezani mapema, wamefua na kupiga pasi makoti yao meupe. Taa zikawekwa, kamera ikawekwa, na mikate ya kupigia picha ikapangwa ikiwa moto. Mtanashati hakuonekana. Mikate ikapoa, ikabadilishwa, nayo ikapoa. Wanawake wakaanza kuegemea mguu mmoja mmoja kama kuku. Alipoingia hatimaye, miwani ya jua usoni, hakumsalimu mtu. Akajitupa kitini, na binti wa vipodozi akaanza kumpaka poda. Brashi ikamponyoka, poda ikamwagika kidogo kwenye kola.

"Mjinga wewe! Nani alikuajiri?" Mtanashati alifoka, na ile sauti iliyowaliza watu kwenye televisheni ikagonga mabati ya kiwanda. Binti akaangalia chini, machozi yanamlengalenga.

Jaji akatoka mezani. Wifi alimshika koti kwa nyuma, akachomoka.

"Kaka," alisema, amesimama mbele ya kiti, "humu ndani hatuitani hivyo."

Mwongozaji wa filamu akaja mbio. "Mama, tafadhali, rudi kwenye nafasi yako."

"Nafasi yangu ni hii hii. Mimi ndiye msimamizi hapa."

Mtanashati akavua miwani taratibu. "Wewe mama, unanijua mimi?"

"Nakujua vizuri sana. Kesi yako iko mezani kwangu miaka."

Mtu mmoja akacheka, akajikohoza kuficha. Mtanashati akatabasamu kwa dharau. "Haya, nihukumu basi."

"Umechelewa, na watu wazima wamesimama wakikusubiri hadi miguu imekufa ganzi. Hujaomba radhi. Hilo moja. Umemtukana mtoto wa watu kwa sababu ya vumbi linalopanguswa kwa kitambaa. Hilo la pili. Na la tatu…" Hapo sauti ya Jaji ikashuka. "Mume wangu aliumwa muda mrefu. Hakuweza kutoka kitandani. Kitu alichokuwa akikisubiri kila jioni ni wewe. Aliniambia, 'Mke wangu, yule atarudi tu, ngoja uone.' Wewe ukaondoka hujaaga, wakakuua kwa gari la maneno. Siku ile mume wangu aligeukia ukutani, hakutaka tena televisheni iwashwe. Amekufa hajui kama ulirudi. Kuchoka na kazi si kosa. Lakini mtu haondoki katikati ya sentensi!"

Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Aliyekuwa akitajwa alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Mtanashati akainuka, akatoka nje. Mlango wa gari ukasikika ukifungwa kwa kishindo.

"Jaji, umetumaliza," meneja alinong'ona, akijifuta jasho. "Watahamia kiwanda kingine."

"Wahamie," alijibu. Akarudi mezani na kumpa binti wa vipodozi kitambaa safi. "Jifute, mwanangu. Hujakosa kitu."

Walikuwa bado wameduwaa pale Mtanashati aliporudi. Miwani hakuwa nayo, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikwenda moja kwa moja kwa binti. "Dada, nimekukosea. Naomba unisamehe." Kisha akawageukia wanawake wa mezani, akaomba radhi kwa kuwasimamisha. Mwisho akasogea kwa Jaji.

"Mumeo aliniona wapi mara ya mwisho?" aliuliza.

"Stendi ya basi. Umeshuka na sanduku, umesimama tu."

"Mwisho ulikuwa umeshaandikwa, mama. Niliusoma. Nikaogopa kuzeeka watu wakiniita mume mtoro, nikaondoka kabla hatujaupiga." Akavuta pumzi. "Ukiniruhusu, nitakuonyesha. Nahitaji mke."

Kabla hajamaliza, wifi alishafika mbele, anarekebisha kofia. Wakasogeza toroli la mikate likawa mlango. Mtanashati akatoka hadi karibu na tanuri, akaanza kuja, na yule kijana mwenye maringo hakuwepo tena. Alikuja mwanamume aliyechoka, bega moja limeshuka kwa uzito wa sanduku lisilokuwepo. Akabisha kwenye chuma cha toroli. Wifi akalisukuma pembeni.

"Chakula kimebaki?" Mtanashati aliuliza, polepole, kama mtu asiyestahili kuuliza.

Katika mwisho ule ulioandikwa, mke alitakiwa kunyamaza na kumpisha. Lakini wifi kunyamaza aliweza lini?

"Kimebaki," alisema. "Ila viatu uvue hapo hapo, nimedeki!"

Kiwanda kizima kililipuka. Mtanashati hakucheka. Aliinama, akafungua kamba, akavivua viatu vyake vya bei kubwa, akaingia na soksi. Jaji alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, akijifuta mashavu kwa mkono wa koti.

"Basi amerudi," alisema. "Mume wangu, umesikia? Amerudi."

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama imepakwa mafuta. Siku zilizobaki Mtanashati alifika kabla ya wapiga picha, akasimama mezani kujifunza kufungasha, na Jaji akampiga vikofi mikononi kila alipobinya mkate.

Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, wanawake wa mezani walialikwa wote. Ukumbi ulijaa. Mtanashati aliigiza yule mwokaji kwa namna ambayo watu walisahau kupumua, na ilipokwisha walisimama wakapiga makofi mpaka taa zikawashwa. Yeye akasimama jukwaani, akanyoosha mkono kuelekea safu ya Jaji, na makofi yote yakageukia huko.

Mlangoni mwandishi wa habari akamsogezea Jaji kinasa sauti. "Mama, unasemaje?"

"Nilisema amekwisha, na nilisema kuigiza mwokaji ni uamuzi mbaya. Nimekosea yote mawili, na mimi sikosei mara nyingi. Hii ndiyo kazi bora aliyowahi kuchagua." Akamrudishia kinasa sauti, kisha akakivuta tena. "Lakini matangazo ya dawa ya meno, hapo hukumu yangu iko pale pale!"

Nyuma yake Mtanashati alicheka kuliko wote. Jaji akamshika wifi yake mkono, wakateremka ngazi na kushika katikati ya njia, wakibishana kwa sauti nani kati yao ameonekana zaidi kwenye filamu, na watu waliokuwa wakija mbele yao wakawapisha.