Koili Niliyoipima kwa Mizani ya Fedha

Sifa zote ni za Mola, aliyenipa vidole visivyotetemeka na subira ya kuvitumia, akanifikisha umri wa kusimulia haya.

Miaka ya vita vya ukombozi nilikuwa fundi redio Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Shemeji yangu alikuwa na gita la umeme, akiliunga kwenye redio ya betri. Siku mbili kabla ya harusi ya binti wa dada yangu, gita likanyamaza. Nikalifungua. Koili iliyo chini ya nyuzi, waya uliozungushiwa sumaku, ile inayonasa mtetemo wake, ilikuwa imeliwa na chumvi. Zamani tungevuka mpaka pale Namoto tukatafute nyingine Mtwara, sasa kwa vita hapavukiki.

"Kaka, mwanangu ataolewa kimya?" dada aliniuliza.

"Hataolewa kimya," nikamjibu. Nilijua naweza.

Nilichonga vibao viwili vya kuzungushia, pacha kabisa, kimoja cha akiba. Waya wa zamani niliukata wote nikauweka. Kwenye redio iliyokufa nikapata waya mpya wa unene uleule, mwembamba kama unywele, nikaanza kuzungusha kwa mkono. Nilikadiria mizunguko elfu sita, na kila ikitimia mia nilivuta punje moja ya tasbihi.

Siku ya harusi, punje arubaini na kitu zimeshavutwa, ikaadhiniwa adhuhuri. Nikaenda kuswali, tasbihi mfukoni. Nilipotoa salamu, vidole vikafanya vilichozoea tangu chuo cha Kurani, kuvuta uradi: thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na tatu. Niliposimama ndipo nikakumbuka punje zile zilikuwa zimenishikia nini.

Shemeji alicheka hadi akakaa chini. "Hukuona kokoto za kuhesabia, fundi? Basi kisia tu."

Nikakataa. Koili ikipungua waya husema kwa sauti ya mgonjwa, ukizidi haiingii mahali pake. Na harusi ilikuwa alasiri, kwa kuwa baada ya magharibi askari hawakutaka mtu nje.

Nikaenda kwa jirani yetu, mzee mfua fedha.

"Mwanangu, mizani hii imezoea pete na hereni. Leo unaniletea matumbo ya gita?"

"Ni ya harusi, baba."

"Basi hiyo sumaku iache nje, isije ikanikusanyia misumari."

Upande mmoja tukaweka waya wa zamani pamoja na kibao cha akiba; upande wa pili koili yangu. Yangu ilikuwa nyepesi. Nikakaa palepale nikizungusha na kupima, nikizungusha na kupima, mpaka mizani ikasimama sawa.

Alasiri shemeji aligusa uzi mmoja, na sauti ikatoka nene, imeshiba. Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

Tangu siku hiyo tasbihi yangu haijahesabu kitu kingine ila jina Lake. Nawe unayesoma, Mola akupe mkono mtulivu, na kila hesabu itakayokupotea kwa kumkumbuka Yeye, akurudishie kwa mizani iliyo sawa. Amin.