Fedha za Ufuta na Simu ya Kabatini

Wakati ule simu ilikuwa imenizidi nguvu. Nilikuwa nauza vitenge sokoni Korogwe. Siku moja mteja alichagua kitenge, akasimama akisubiri nimalize kutazama video ya watu nisiowajua wakigombana. Mwishowe alikiweka, akaenda meza ya jirani. Nilipoinua macho niliona mgongo wake tu.

Ndipo nikapanda basi hadi Sindeni kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, nikamkabidhi fedha zote nilizopata kwenye ufuta.

"Nitunzie mpaka mvua za kupandia," nikamwambia. "Nimeapa kutogusa simu baada ya magharibi. Mume wangu akikwambia nimeigusa, mpe jirani yako zote."

Jirani huyo ni mwanamke ambaye shamba lake limepakana na langu la ufuta hukohuko Sindeni. Tulishagombania mpaka hadi salamu zikakatika. Nilimchagua makusudi, maana kumpa yeye kungeniuma kuliko kuzipoteza njiani.

Mama mdogo alifuta mikono kwenye kanga. "Sijakuelewa, mwanangu. Lakini lete."

Nilijikaza. Kila jioni simu ilikaa kabatini, nami sikujua mikono niiweke wapi. Jioni moja ikalia, ikakatika, ikalia tena. Mume wangu akaenda kuchungulia.

"Ni mama mdogo."

"Pokea wewe basi."

"Nikikupokelea, si ni sawa na wewe kushika?"

Tukabaki tunatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aamue. Ikanyamaza.

Alfajiri nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana nilikutafuta sana. Mtoto wa yule jirani yangu alishikwa na degedege, ikabidi likodiwe gari kumkimbiza hospitali Handeni. Hapakuwa na fedha nyingine ila hizo zako. Nilitaka ruhusa, hukupokea, nami sikuweza kusubiri."

"Zimekwenda zote?"

"Zote. Mtoto anaendelea vizuri."

Nikakaa kitandani. Ahadi nilikuwa nimeitimiza, na fedha zimekwenda kulekule ambako zingekwenda kama ningeivunja. Nilifurahi mtoto amepona, nikakasirika, nikaona haya kwa kukasirika, na sikujua kipi kilitangulia. Nikamuuliza mume wangu kama nimeshinda au nimeshindwa.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia simu tu," akajibu.

Mvua ziliponyesha nikaenda shambani. Yule mwanamke akaja na mtoto mgongoni na mbegu za kunde kwenye kanga.

"Ahsante, dada, kwa ajili ya huyu," akasema.

"Hamna neno," nikajibu, ingawa maneno nilikuwa nayo mengi.

Hakutaja kurudisha fedha, nami sikuuliza. Tulipanda zile kunde pamoja mpaka jua likawa kali. Hadi leo sijui kama nilimkopesha, nilimpa, au nililipa adhabu ya kosa ambalo sikulitenda.